Aliyekuwa Ndani ya Mafuta ya Tangawizi

Mgeni alibisha mara moja tu, kisha akaingia bila kungoja kukaribishwa. Ilikuwa alasiri ya mvua. Pua, binti mkandaji, alikuwa ameinama juu ya mgongo wa mteja, viganja vikiteleza kwa mafuta ya ufuta yaliyotiwa matone machache ya tangawizi. Alipoinua macho alimwona mzee mrefu, mwembamba, amelowa chapachapa, utepe wa kupimia nguo ungali unaning'inia shingoni kama mtu aliyetoka kazini mbio akasahau kuuvua.

"Namtafuta Mama Mvuke," mzee alisema.

Mteja, mama mmoja muuza mboga, alivuta taulo hadi masikioni. "Makubwa haya! Mwanamume anaingia watu wamevua!"

"Samahani, mama. Sikuona kitu. Miwani imejaa maji."

"Hukuona kitu? Mgongo wote huu?"

Pua alimpeleka mzee kwenye chumba cha nyuma, akamketisha karibu na rafu ya chupa, akampa kitambaa cha kufutia miwani. Kisha akamwambia, kwa ile sauti aliyokwisha kuizoea kwa kuitumia mara nyingi, kwamba Mama Mvuke ni mama yake, na kwamba alifariki miezi saba iliyopita.

Mzee alimrudishia kitambaa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa chupa ndogo ya rangi ya kahawia, tupu, akaiweka mezani taratibu kana kwamba ndani yake kuna kitu kilicholala. Kwenye karatasi yake kulikuwa na mwandiko ambao Pua angeutambua hata gizani: *Tangawizi. Matone mawili kwenye leso. Usikose, nitakutengenezea tena.*

"Mimi ni fundi cherehani," mzee alisema. "Mke wangu yuko kwenye matibabu ya dripu. Ile dawa inamtibu, lakini inamtapisha hadi anatapika maji matupu. Mama yako alimpa hii. Akinusa, tumbo linatulia, anakula. Mama yako alimwambia hatakosa mpaka dripu ya mwisho. Sasa ni wiki tatu tangu iishe, na nilikuwa sijapata mtu wa kumwachia duka."

Pua aligeukia rafu, akachukua chupa ya mafuta aliyoyatoa yeye mwenyewe mwezi uliopita. Yalikuwa safi, ya manjano hafifu. Alimfungia kwenye karatasi. Lakini mkono wake wa kushoto, bila kuamriwa, ulikwenda ukakaa juu ya mtoto wa meza, ukaukandamiza kama mtu anayezuia mlango.

Humo ndimo ilimokuwa chupa ya mwisho ya mama yake. Hakuitaja.

*

Jina la Pua alipewa na mama yake alipokuwa na miaka mitano, alipoweza kunusa tunguu la tangawizi na kusema limetoka kwenye udongo mwekundu au mweusi. Wengi hudhani mafuta ya tangawizi yanawasha kama tangawizi yenyewe. Hayawashi hivyo. Ule ukali wa ulimini hubaki chunguni na makapi. Kinachopanda na mvuke ni harufu tu, ya joto, yenye kitu kama ndimu pembeni. Tangawizi huoshwa, hukatwa vipande vyembamba bila kumenywa, hupangwa juu ya wavu ndani ya chungu kikubwa cha chuma, na maji huchemka chini yake. Mvuke hupita kwenye bomba lililozungushwa ndani ya pipa la maji baridi, ukapoa, ukadondoka kwenye gudulia la kioo tone kwa tone. Mafuta huelea juu. Debe zima huweza kutoa ya kujaza kikombe kidogo cha kahawa, na siku nyingine hata hicho hakijai.

Mama Mvuke alikuwa na mtindo wake mmoja ambao watu waliucheka. Tangu tone la kwanza hadi la mwisho, saa nne nzima, aliketi kando ya mtambo akizungumza nao. Aliueleza bei za sokoni, nani kaoa, nani kaumwa kiuno, mafuta haya yanakwenda kwa nani na yamfanyie nini. Pua alidhani ni upweke wa mjane. Yeye alipoachiwa kazi, aliwasha moto, akatega kengele ya simu, akaenda kukanda wateja. Vyema vilevile, alijiambia. Moto ni moto.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alitia tone moja la chupa ya mama yake kwenye kichungu cha kufukizia, juu ya maji, mshumaa chini. Alitaka harufu tu. Harufu ilipoenea chumbani, akasikia ndara ukumbini: moja ikigonga, ya pili ikiburura, kwa sababu mama alikuwa na goti bovu la kushoto. Mlango haukufunguka. Lakini kigoda kilicho kando ya dirisha kililia kama kinavyolia mtu mzima anapoketi, na mtu akakohoa kidogo, kikohozi cha kusafisha koo kabla ya mazungumzo.

Pua hakukimbia. Alikaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa mahali ambapo magoti yangekuwa. Hakukuwa na magoti. Kulikuwa na uvuguvugu tu, na harufu ya sabuni, kama mikono iliyotoka kuosha chombo.

Tangu hapo kila jioni, jua likiwa bado juu ya mabati, alitia tone moja. Mama yake mdogo, ndugu wa marehemu, aliyekuwa akikata tangawizi uani, hakusema neno kwa miezi. Siku moja tu alisema, akiwa ameinamia kisu chake:

"Mimi sijasikia kitu humo ndani. Na hicho nisichokisikia ndicho kilichonihamisha chumba."

Lakini wiki tatu hizi za mwisho mambo yalibadilika. Tone likishatiwa, ndara zilikuja, ila kigoda hakikulia. Zilitembea tu. Zilitoka dirishani mpaka mlango wa barabarani, zikasimama; zikarudi dirishani, zikaenda tena. Juzi komeo lilitikisika. Lilitikisika polepole, kistaarabu, kama mkono wa mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Pua alipoona hivyo, moyo ulimwenda mbio. Alidhani mama anataka kumwacha mara ya pili. Akanunua kufuli.

*

Fundi cherehani alirudi Jumamosi. Safari hii alibisha, akangoja. Aliweka chupa ya Pua mezani ikiwa imepungua matone machache tu.

"Binti, usinielewe vibaya. Harufu ni nzuri. Lakini mke wangu ameirudisha."

"Amesemaje?"

Mzee aliona haya. Akaanza kuukunja utepe wake kidoleni. "Amesema haina mtu ndani."

Uani, kisu cha mama mdogo kilinyamaza.

"Nilidhani ni homa," mzee aliendelea. "Kumbe ananificha tangu zamani. Anasema kila akiweka leso puani, anakuja mwanamke mtu mzima. Anamsikia anavyokuja, mguu mmoja mzito. Anamshikia beseni. Anampangusa. Akimaliza anakwenda kuliosha, ndipo anaondoka. Mimi huwa dukani saa hizo, binti, na nikirudi nakuta beseni limeoshwa. Siku zote nilimgombeza: mbona unainuka kitandani ukaoshe vyombo na hali hiyo?"

Pua alishika ukingo wa meza. Harufu ya sabuni. Miezi yote ile mama yake alipokuwa akija jioni kuketi, alikuwa akitoka kazini. Na wiki tatu zilizopita, chupa ya mgonjwa ilipokwisha, ndizo wiki tatu za kutembea mpaka mlangoni.

"Dripu zimebaki ngapi?" aliuliza, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Tatu. Ya kwanza ni Alhamisi saa sita mchana. Daktari amesema asipoweza kushika chakula tumboni, wataisimamisha dawa, maana mwili hautaihimili. Na wakiisimamisha..." Hakuimaliza. Aliuvuta utepe ukakaza kidole mpaka kikawa cheupe.

Pua alikuwa mtu wa kuona chozi la mtu akatoa la kwake. Mama yake alizoea kumwambia moyo wake hauna mlango wala dirisha. Alisema kabla hajafikiri: "Alhamisi kabla ya saa nne nitakuwa kwako, baba. Nitakuletea yanayofanya kazi, ya kumtosha mpaka dripu ya mwisho. Nakuahidi."

Mzee alipokwisha kuondoka, mama mdogo aliingia akijifuta mikono kwenye kanga. "Umeahidi nini wewe? Utayatoa wapi?"

"Nitayatengeneza."

"Haya. Kutengeneza ni kazi. Ya kumtia mtu humo ndani sijui."

"Mama alikuwa anazungumza nayo."

"Mama yako alikuwa anazungumza na kila kitu. Alizungumza na ndoo. Mbona ndoo hazitembei?" Lakini hakucheka, na jioni hiyo alinunua tangawizi bora kuliko zote, akaikata mwenyewe, nyembamba kama karatasi.

*

Jumanne asubuhi Pua aliwafungia wateja mlango. Alipanga tangawizi chunguni, akaziba viungo vya bomba kwa unga uliokandwa, akawasha moto, akaketi mahali pa mama yake. Tone la kwanza lilipoanguka, alifungua kinywa.

"Haya yanakwenda kwa mke wa fundi cherehani," alianza. "Yakamtulize tumbo."

Hakuwa na habari za sokoni. Alijaribu kusimulia kuhusu muuza mboga na mgongo wake, akacheka peke yake kidogo. Kisha, bila kujua ni wakati gani amegeuza njia, akajikuta anasema mengine. Alisema nyumba imekuwa kubwa. Alisema hakumuaga mama yake kwa sababu alikuwa amekwenda kununua chupa, na foleni ilikuwa ndefu, naye aliona haya kuomba kupita mbele. Alisema rudi, usiende, rudi. Saa nne nzima mafuta yalidondoka, naye akidondoka nayo.

Jumatano asubuhi alitia tone moja la mafuta hayo mapya kwenye kichungu, akawasha mshumaa, akangoja. Harufu ilipanda, nzuri ajabu. Mtu yeyote wa kazi hiyo angeisifu. Hakuna ndara zilizokuja.

Kisha mtu akaanza kulia kwenye chumba cha pili.

Kilikuwa kilio cha chini, cha msichana aliyeziba mdomo ili asisikike. Pua alikwenda akafungua mlango. Chumba kilikuwa kitupu. Kitanda cha kukandia, taulo zilizokunjwa, na mwanga wa asubuhi sakafuni. Kilio sasa kilikuwa nyuma yake, alikotoka. Alirudi. Kikahamia alipotoka. Alikizunguka hivyo mara tatu, na mara ya tatu alisikia maneno ndani yake, rudi, usiende, rudi, akaitambua sauti. Ilikuwa yake.

Mama mdogo alisimama kwenye kizingiti cha uani, ameshika fremu kwa mikono miwili. "Zima," alisema. "Zima hicho kitu, mwanangu. Mimi hiki nimekisikia."

Pua alimwaga maji, akaupuliza mshumaa. Kilio kilipungua polepole, kama mtoto anayepitiwa na usingizi.

"Nikimpelekea haya," Pua alisema, "mgonjwa atakaa na mtu anayemlilia kitandani."

"Basi mwambie ilishindikana. Watu wanashindwa. Utakuwa wa kwanza?"

"Ninayo mengine."

Mama mdogo alijua. Alitazama mtoto wa meza, akatazama pembeni. "Hayo ni ya kwako. Alikuachia wewe."

"Hakuniachia. Niliyakuta rafuni nikayaficha." Alikuwa hajawahi kulitamka jambo hilo, na lilipotoka lilimshangaza jinsi lilivyo dogo. "Mama mdogo, alikuwa anatembea mpaka mlangoni. Nami nikaweka kufuli."

Mama mdogo akaketi kwenye kitanda cha wateja, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakunja mikono mapajani.

"Yamebaki mangapi?"

"Matone tisini na kitu. Siku tano mbaya kwa kila dripu, kuanzia siku yenyewe, matone mawili mara tatu kwa siku. Dripu ni tatu." Alikwisha kupiga hesabu hiyo kichwani tangu Jumamosi, akitafuta mahali pa kuokoa tone. "Tisini."

"Na hicho kitu juu ya tisini?"

"Labda matatu."

*

Alhamisi aliamka mapema, akafungua kufuli, akaliacha juu ya dirisha. Hakutia tone. Alitaka sana kutia. Alisimama mbele ya kichungu mpaka maji ya chai yakachemka yakakauka. Akapiga moyo konde, akatoka na chupa mfuko wa ndani, upande wa kushoto, akiishikilia kwa kiganja njia nzima kama mtu mwenye maumivu ya kifua. Mama mmoja kwenye basi alimpisha kiti. Alipita kwenye mitaa ambayo hakuizoea, akauliza njia kwa muuza magazeti, akafika kwenye nyumba yenye cherehani mbili barazani. Saa ilikuwa nne kasorobo.

Mke wa fundi alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko Pua alivyomtarajia, kichwa kimefungwa kitambaa kilichoshonwa kwa makini sana. Beseni la bluu lilikuwa chini ya kitanda. Kando ya mto palikuwa na leso kama kumi, zote mpya, zote zimepindwa kingo kwa mkono. Mume alikuwa hajui kusaidia kwa njia nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Pua?"

Pua alishtuka. Hakumwambia mzee jina hilo.

Mzee alichukua chupa, akaifungua. Mikono yake, iliyozoea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano, ilikuwa ikitetemeka. Tone la kwanza lilianguka sakafuni, la pili na la tatu ndiyo yaliyoipata leso. Mgonjwa aliiweka puani, akafumba macho, akavuta pumzi.

Harufu ilienea. Pua alisimama wima ukutani, akikaza meno.

Zilikuja. Zilitokea barazani, moja ikigonga, ya pili ikiburura, zikapita katikati ya cherehani, zikaingia chumbani. Zilipita karibu naye kiasi kwamba upindo wa gauni lake ulisogea. Hazikusimama. Zilikwenda moja kwa moja mpaka kando ya kitanda, na beseni la bluu, ambalo hakuna aliyeligusa, likasogea kidogo kwenye saruji, likakwaruza, likatulia mahali ambapo mkono ungelifikia upesi.

Mzee aliona. Alivua miwani akaanza kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

Uso wa mgonjwa ulilegea. Baada ya muda aliomba supu. Alimeza kijiko kimoja, wakangoja wote. Akameza cha pili, wakangoja tena. Cha tatu aliomba mwenyewe.

"Anasema umekonda," mgonjwa alisema, macho bado yamefumbwa.

"Mwambie..." Pua alianza, akashindwa. "Mwambie foleni ilikuwa ndefu."

Mgonjwa alisikiliza upande wa pili wa kitanda, akatabasamu. "Anasema hata yeye angeona haya kupita mbele."

Saa nne ikagonga mahali fulani nyumba ya jirani. Pua alipangusa uso kwa mkono, akasema lazima arudi, wateja wanangoja. Mzee alimfuata mpaka barazani, chupa mkononi, na mkono wa pili ameshika kichupa kitupu cha mafuta ya cherehani alichokiosha vizuri.

"Binti," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeona ulivyosimama mle ndani. Nimeelewa unachotuachia. Nikugawie basi hata kidogo, nikurudishie. Hata matone mawili. Jioni moja tu, ukae naye."

Pua aliitazama chupa ya kahawia. Lilikuwa jambo dogo, wala hakuna ambaye angemlaumu. Ndani, mtu alikohoa kile kikohozi cha kusafisha koo kabla ya mazungumzo, na mgonjwa akacheka.

Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, akauhisi unavyotetemeka, akakifunika kichupa kile kitupu kwa kidole gumba.

"Hapana, baba. Ya ziada yalikuwa matatu, moja limekwisha kuanguka," alisema. "Hayo mawili ni ya mkono wako."